MGB GT ya 1972: nataka kuongeza geji ya volti, waya niuchukulie wapi?

BintiMhandisi (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Niko Area D hapa Dodoma. Nina MGB GT ya mwaka 1972, steringi kulia, ilikuwa ya marehemu baba. Alikaa nayo Moshi miaka yote, na ofisi yetu ilipohamishiwa huku nikaja nayo. Injini ni ileile ya 1798 cc yenye kabureta mbili za SU. Alteneta, yaani mtambo wa kuchaji betri, ni Lucas 16ACR. Betri bado ni mbili za volti 6, zimekaa chini ya sakafu nyuma ya viti kama zilivyotoka kiwandani.

Kilichonileta hapa ni safari ya Iringa. Narudi kwa njia ya Mtera, giza limeshaingia, naona taa zinazidi kuwa za njano. Nikadhani ni vumbi kwenye vioo. Taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi haikuwaka hata mara moja. Kufika nyumbani mwanga ulikuwa wa koroboi, na asubuhi gari haikuamka. Fundi niliyemwita alifungua boneti akazunguka na testa mkononi akitafuta betri, nami nimesimama pembeni namwachia tu afurahie. Nilipomfungulia nyuma ya kiti alicheka mwenyewe. Hatimaye alikuta belti ya alteneta imelegea na plagi ya nyuma yake imeungua pini moja, ikawa inashika na kuachia.

Hayo yameshatengenezwa. Ila sitaki tena kuambiwa habari za betri na taa za mbele. Nataka geji ya volti. Binamu yangu aliyeko Uingereza ameniletea ya Smiths, ya zamani, milimita 52, uso mweusi na ukingo wa kromu, inafanana kabisa na ndugu zake zilizoko kwenye dashibodi.

Sasa maswali yangu:

Fundi anataka kutoboa dashibodi kulia kwa steringi. Dashibodi yenyewe ni bati lenye ile rangi nyeusi ya mikunjomikunjo, na haijawahi kutobolewa tangu 1972. Moyo unakataa. Kuna sehemu nyingine? Redio ilishatolewa zamani, pamebaki tundu katikati limefunikwa na kibao.

Pili, umeme wa geji niuchukue kwenye waya upi? Yeye anasema "wowote wenye moto". Mimi ni mhasibu, si fundi, ila neno "wowote" huwa linanitia wasiwasi.

Tatu, nimesikia wengine wanasema ampemita ndiyo geji ya kweli. Ni kweli?

Nawasilisha.

---

Mzee_wa_Kibaigwa

Dada, kwa nini ujitese? Kuna vile vidude vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinakuonyesha volti kwa namba nyekundu na hapohapo unachaji simu. Mimi ninacho kwenye Fuso, kinanitosha kabisa. Ukiona 13 na kitu unaendelea na safari, ukiona 12 unaanza kuuliza maswali.

---

chuma_chakavu

Uza hiyo ununue IST. Utalala usingizi.

---

BintiMhandisi

@Mzee_wa_Kibaigwa asante kaka, kwa leo hicho kidude nitakitafuta. Ila namba nyekundu zikiwaka katikati ya dashibodi ile, baba atanitokea ndotoni.

@chuma_chakavu IST ninayo. Ndiyo inayonipeleka kazini Mtumba.

---

Saidi_LandRover

Mimi nasimama na ampemita. Land Rover yetu ya kijijini Kondoa ilikuwa nayo. Mshale ukilala kulia betri inaingiza, ukilala kushoto inatoa. Hakuna ubishi. Volti inakwambia presha tu, haikwambii mtiririko unaelekea wapi.

---

Rewaya Mstaafu

Binti, nimesoma. Nimefanya rewaya magari ya watu kuanzia Majengo hapa mjini hadi Singida, sasa hivi macho hayashiki tena waya mwembamba lakini akili bado iko. Nianze na Saidi.

Saidi hajasema uongo. Ampemita inakuonyesha kama betri inapokea au inatoa, na kwenye Land Rover ya zamani hiyo ilikuwa kazi nzuri. Lakini ili ampemita isome, umeme wote unaoingia na kutoka kwenye betri, ukiacha wa kuwashia injini, lazima uingie mpaka kwenye dashibodi, upite kwenye geji, urudi. Huo ni waya mnene, hauna fyuzi, umekaa nyuma ya magoti yako. Nati moja ikilegea nyuma ya geji kwa hizi barabara zetu, kwanza gari inakosa umeme, kisha panapata joto, kisha unanusa. Nimeshaona dashibodi iliyoungua kwa njia hiyo. Geji ya volti yenyewe inakaa pembeni, inachungulia tu. Inakula umeme kidogo mno, waya wake ni mwembamba, na unaweza kuuwekea fyuzi ya ampea 2 au 3 ukalala. Kwa gari lako ni volti, tusipoteze muda.

Sasa waya. Huyo fundi aliyesema "wowote wenye moto" umshukuru kwa plagi ya alteneta, kazi hii usimpe. Magari ya Kiingereza ya enzi hizo yana lugha ya rangi, ukishaijua hutasahau.

Kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja. Haupiti fyuzi, hauzimwi na swichi. Ukiunga geji hapo itakuwa inakunywa betri usiku na mchana, na ukipiga shoti waya unageuka jiko.

Mweupe ni umeme uliopita kwenye swichi lakini bado haujapita fyuzi. Huo ndio unaolisha koili, ile inayotoa cheche za injini. Shoti hapo na injini inazima barabarani. Achana nao.

Kijani ndio unaoutaka. Umepita swichi, umepita fyuzi, unalisha waipa, indiketa, taa za breki na geji.

Hapa sasa nisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapoingia mkenge. Nyuma ya dashibodi yako kuna kikopo kidogo cha bati, kinaitwa stabilaiza. Kina upande umeandikwa B na upande umeandikwa I. Kijani kinaingia kwenye B. Kwenye I unatoka waya wa kijani mpauko wenye mstari, unakwenda kwenye geji ya mafuta. Kazi ya kikopo hicho ni kuhakikisha geji ya mafuta inapata volti 10 daima, betri iwe imeshiba au ina njaa, ili mafuta yasionekane yanapanda na kushuka kila ukigusa mwendo. Ndani yake ni kipande cha chuma kinachopata moto na kujikunja, kinakata na kuunga, kinakata na kuunga, wastani wake ndio hiyo 10. Mtu anaona waya wa kijani karibu na geji, anasema "huu hapa", anaunga geji ya volti upande wa I. Matokeo yake mshale unakaa kwenye 10 maisha yote, au unatetemeka, na mwenye gari anabadilisha alteneta ambayo haina kosa. Nimeletewa gari la hivyo, limeshafungwa alteneta ya pili.

Kwa hiyo unga kwenye B. Pale huwa pana nafasi ya kuchomeka kipini cha pili. Hakuna kukata waya, hakuna kuchuna ganda na wembe.

Kabla ya yote, fungua huko nyuma ya viti, toa waya wa ethi (ule unaounga betri na mwili wa gari) kwenye betri. Usiniambie "nitakuwa mwangalifu".

Kisha pima. Azima mita ya mkono. Washa injini, ipandishe mpaka mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, washa taa kubwa, pima kwenye betri zenyewe kuanzia ncha ya mwanzo ya moja hadi ncha ya mwisho ya nyingine. Andika. Kisha pima kwenye ile B na ethi. Andika. Zikipishana zaidi ya nusu volti, una uchafu njiani: vishikio vya fyuzi, plagi ya swichi, au vile viungio vya mviringo vinavyochomekwa ndani ya mpira mweusi. Geji itakuwa inakusomea uchafu huo na wewe utadhani ni alteneta.

Kuna watu watakwambia ufunge relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ili geji isome betri moja kwa moja. Inawezekana, lakini kwa gari hili mimi siipendi. Nikiwa mwenye gari nataka kujua taa za breki na waipa zangu zinapata nini, siyo betri inajivunia nini huko nyuma.

Ethi ya geji: waya mweusi wenye kikuku, kwenye boliti ya mwili wa gari iliyosuguliwa mpaka bati jeupe. Taa ya ndani ya geji: mwekundu wenye mstari mweupe, huo ndio wa taa za dashibodi, utapungua na kuongezeka na wenzake.

Kutoboa: hapana. Hilo tundu la redio linatosha. Mpe seremala akukatie kibao cha mninga, milimita 52 katikati, kikae pale. Ukiuza gari, ambalo najua huuzi, unakitoa na hakuna aliyejua. Ila kumbuka mbao haipitishi umeme, ndiyo maana nimesema waya wa ethi ufike mpaka kwenye geji na kwenye kishikio cha balbu.

La mwisho. Usije ukaondoa taa nyekundu ya chaji kwa kuwa sasa una geji. Kwenye alteneta ya ACR, umeme wa kuiamsha unapita kwenye balbu hiyohiyo. Balbu ikiungua, alteneta inaweza kukaa imelala hadi uikanyage sana, au isiamke kabisa. Kila asubuhi ukifungua swichi hakikisha inawaka, kisha injini ikiwaka izime.

---

Saidi_LandRover

Mzee nimekubali yaishe. Sikuwahi kufikiria ule waya mnene ulikuwa unapita magotini.

---

Manyoni_Minor

Shikamoo mzee. Naomba nidandie. Nina Morris Minor ya 1961, bado ina dainamo (mtambo wa kuchaji wa kabla ya alteneta), na betri yake chanya ndiyo iliyofungwa kwenye mwili. Hayo maelezo ya rangi na ya geji yananihusu?

---

Rewaya Mstaafu

Marahaba. Rangi ni zilezile: kahawia, mweupe, kijani. Kinachogeuka ni pande za geji. Kwako mwili ni chanya, kwa hiyo waya wa kijani unakwenda upande hasi wa geji, na ethi upande chanya. Geji za zamani za Smiths za kujikunja kwa joto hazijali upande, zinasoma vyovyote. Za kisasa zinajali, ukikosea mshale unagonga ukuta. Kuwa mwangalifu na hivyo vidude vya kuchomeka vya Mzee wa Kibaigwa, kwako vinakufa siku hiyohiyo, maana vimetengenezwa kwa hasi kwenye mwili. Hata MGB zilikuwa za chanya kwenye mwili mpaka mwishoni mwa 1967, alteneta zilipoingia. Ya binti ni ya baadaye, yuko salama.

Na dainamo isikutishe: gari ikisimama inanguruma polepole, dainamo haichaji kitu. Mshale utashuka na ile taa yako itawaka kidogo. Ukiondoka utapanda.

---

BintiMhandisi

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, nimefuata neno kwa neno.

Nimepima kabla ya kufunga chochote. Injini mizunguko 2,000, taa kubwa zimewashwa: kwenye betri 13.9, kwenye B 13.0. Karibu volti nzima imepotelea njiani! Nikaenda kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Vishikio vilikuwa na ukungu wa kijani, na fyuzi moja ilikuwa imekaa upande. Nimesugua kwa msasa laini, nikachomoa na kuchomeka plagi ya swichi mara kadhaa, nikavifuta vile viungio vya mpira mweusi kimoja baada ya kingine. Sasa B inasoma 13.5. Wiki nzima nilikuwa nalaumu waipa kwa uvivu, kumbe zilikuwa zinalishwa makombo.

Kibao cha mninga amekata seremala wa Chang'ombe, akakipiga vanishi mara mbili ingawa nilimwomba moja. Geji imeingia kama ilizaliwa hapo. Mshale wake unapanda taratibu kama mzee anayepanda mlima Mlimwa. Mwanzo nilidhani ni mbovu, kisha nikakumbuka ulichomwambia ndugu wa Manyoni kuhusu zile za joto.

Nina mambo mawili yananisumbua.

Jana usiku nilisimama kwenye mzunguko wa barabara ya Bahi, foleni, taa kubwa zimewaka na feni ya hita inapuliza (Julai hii Dodoma si ya mchezo). Mshale ukashuka mpaka juu kidogo ya 12. Nilipoondoka ukarudi kwenye 13 na nusu. Ni ugonjwa?

Na asubuhi, kabla ya kuwasha, nikifungua swichi tu, unasimama kwenye 12 hivi. Nimepima betri zenyewe kwa mita swichi ikiwa imefungwa: 12.2. Hiyo ni nzuri?

Nimepiga pia picha ya fyuzi, angalia kama ziko sawa.

---

Rewaya Mstaafu

La kwanza si ugonjwa. Alteneta yako ni ya ampea 34 ikiwa inazunguka vizuri. Ukiwa umesimama inatoa sehemu ndogo tu ya hizo. Taa kubwa peke yake zinakula kama ampea 9 au 10, weka koili, feni, taa za nyuma na za dashibodi, hesabu unaijua wewe mhasibu. Inayopungua inalipwa na betri. Mradi ukikanyaga inapanda, usiwe na shaka. Ikikataa kupanda, angalia belti kwanza, halafu plagi. Upande wa pili pia uangalie: mshale ukipita 15 na kubaki huko, regyuleta (kidhibiti volti) iliyomo ndani ya alteneta imekufa, betri zinachemka. Kwa joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu maji yake yataisha upesi sana, na harufu utaisikia ndani ya gari, maana betri umezikalia mgongoni.

Fyuzi nimeziona. Ile iliyoandikwa 35 ni ya Lucas ya asili, iache. Ila ukienda dukani ukauziwa ya kisasa iliyoandikwa 35, usiiweke. Ile ya zamani 35 ni kiwango cha kukatikia, mzigo wake wa kudumu ni 17. Ya kisasa 35 ni ya kudumu, waya wako utaungua kabla yake. Tafuta ya 15 au 17.

La pili ndilo silipendi. Betri yenye afya, imepumzika usiku kucha, inatakiwa isome 12.6 au zaidi. 12.2 ni nusu tanki. Na kwako kuna jambo ambalo geji haiwezi kukwambia: una betri mbili zimefuatana, geji inasoma jumla. Pima kila moja peke yake. Kila moja ikiwa nzima inatakiwa iwe 6.3.

---

BintiMhandisi

Ya upande wa dereva 6.3.

Ya upande wa abiria 5.9.

---

Mzee_wa_Kibaigwa

Loh. Hapo hata kidude changu kingesema 12.2 kikanyamaza.

---

Rewaya Mstaafu

Ndiyo hiyo. Ya abiria inakufa na inamvuta mwenzake. Ichaji peke yake kwa chaja ya volti 6, iache ilale usiku, upime tena. Ikirudi 5.9 usiibembeleze.

---

BintiMhandisi

Ikibidi kununua, nibadilishe hiyo moja tu au zote? Betri za volti 6 nimeulizia hapa mjini, dukani wananiangalia kama nimeuliza mafuta ya taa ya ndege. Mmoja alinishauri niweke moja ya volti 12 kama ya Corolla, nyingine niitupe.

---

Rewaya Mstaafu

Usichanganye mpya na ya zamani. Ama zote mbili, ama moja ya 12. Kiwanda chenyewe kiliachana na mbili kikahamia moja ya volti 12 katikati ya miaka ya sabini, kwa hiyo humkosei baba yako heshima. Hiyo moja iweke upande wa dereva, na ule waya mfupi unaounganisha betri mbili utoe kabisa, usiuache unaning'inia.

Ila kabla hujatoa hela, chukua rula upime kina cha kile kisanduku kutoka chini hadi usawa wa kifuniko. Betri ya Corolla ni ndefu kwenda juu. Ikizidi, ncha ya chanya inagusa kifuniko cha bati juu yake, na siku mtu akikanyaga pale nyuma utaona cheche. Niandikie urefu, upana na kina, kwa sentimita, nikwambie betri ipi itaingia.

---

BintiMhandisi

Sawa mzee. Kesho nikitoka kazini napima, naweka hapa.